Mzazi Naye Apulize

Hotuba ya mwalimu wa muziki kwa wazazi wa shule moja ya msingi, Kaunti ya Kwale

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, mabibi na mababu mliokuja kwa niaba ya walio kazini, na nyinyi wanafunzi wa Gredi ya 4 mliokaa hapo mbele: Assalam aleikum, na habari za asubuhi.

Kwenye ratiba imeandikwa kwamba nitaeleza kwa nini shule imewaomba mnunue rekoda, ile filimbi ya plastiki inayopulizwa kwa ncha yake. Hilo nitalieleza. Lakini nimekuja pia na ombi langu mwenyewe, nalo nalitaja mapema ili myasikilize mengine yote mkijua ninakoelekea. Nawaomba nyinyi wazazi mjifunze kupiga rekoda pamoja na watoto wenu. Simaanishi kumsimamia mtoto akifanya mazoezi, wala kumkagua. Mshike yenu mkononi, mpulize.

Najua yanayosemwa huko majumbani kwa sababu mnaniambia pale langoni. "Mwalimu, kile kifilimbi kinatutoa roho." "Mwalimu, baba yake akirudi kazini hataki kukisikia." Mama mmoja alinieleza kwamba amekiweka juu ya kabati mpaka siku ya mtihani. Sikumlaumu. Rekoda ikipulizwa vibaya inachoma masikio, na wengi wetu tunakaa nyumba za vyumba viwili, ukuta ni mmoja na jirani. Basi tuanze na hizo kelele, maana ukijua zinakotoka umeshaielewa nusu ya ala yenyewe.

Ishike rekoda, tazama kichwa chake. Pale unapotia mdomo pana mwanya mwembamba, njia ya pumzi. Mbele kidogo pana kidirisha cha mraba, na upande wa chini wa kidirisha hicho pana ukingo uliochongwa ukawa mkali. Pumzi yako inapita kwenye mwanya ikiwa nyembamba na bapa, inaupiga ule ukingo, halafu inayumba: mara inaingia ndani ya bomba, mara inatoka nje, tena na tena, mamia ya mara kwa sekunde moja. Hewa iliyomo bombani inatikisika pamoja nayo, na mtikisiko huo ndio sauti. Ukiziba matundu, ile safu ya hewa inarefuka na sauti inashuka. Ukiyafungua inafupika, sauti inapanda. Hakuna kubana midomo kama wanavyofanya wapiga tarumbeta, hakuna tete la kutetemesha kama la nzumari. Aliyeitengeneza ameshakufanyia sehemu iliyo ngumu, ameielekeza pumzi yako mahali pake. Kilichobaki juu yako ni kiasi cha pumzi hiyo.

Na hapo ndipo mtoto anapokosea. Akipewa kitu cha kupuliza, anapuliza kwa nguvu zote kama anayewasha jiko la makaa. Pumzi ikizidi, noti, yaani sauti moja ya muziki, inaruka kutoka mahali pake inakwenda juu, inageuka ukelele. Mkisikia ule ukelele nyumbani msimwambie mtoto anyamaze. Mwambieni apunguze pumzi. Mimi darasani nawaambia waweke kiganja mbele ya mdomo, watoe pumzi ya joto, ile ya "haaa", polepole, mpaka kiganja kihisi uvuguvugu. Kiasi kile kinatosha. Kwa noti za chini kabisa hata hicho ni kingi.

Kisha tunaanza na noti inayoitwa B. Mkono wa kushoto unakaa juu, wa kulia unashikilia chini tu. Kidole gumba cha kushoto kinaziba tundu la nyuma, kidole cha shahada kinaziba tundu la kwanza la mbele. Vingine vyote vinasubiri. Ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu, unatamka "tu" bila kutoa sauti ya kooni, na pumzi ya joto inafuata. Sauti inatoka. Safari ya kwanza inatetemeka, ya pili inapaa, ya tatu inatulia.

Hiyo iliyotulia ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu wa somo hili, na ningependa muijue. Mwaka jana nilikuwa na mvulana ambaye darasani haneni. Ukimuuliza swali anaangalia dawati. Siku alipoipata B yake ikatoka nyoofu, ndefu, bila mkwaruzo, aliishusha rekoda akaitazama, akaiangalia ile tundu ndogo kama ndiyo kwanza anaiona, akaipandisha tena mdomoni akairudia. Kipindi kizima alipiga noti hiyo moja. Hakuwa anachoka, na mimi sikumharakisha. Alikuwa ametoa kitu kizuri ndani ya kifua chake mwenyewe, na alijua kwamba ni yeye aliyekitoa.

Furaha ya namna hii haipatikani upesi kwenye kila ala. Anayejifunza fidla anaweza kukaa miezi kabla upinde haujaacha kukwaruza. Anayejifunza gitaa vidole vinamuuma kwanza. Rekoda inakupa sauti safi siku ileile ya kwanza, ukiwa na miaka tisa au ukiwa na sitini. Kuimiliki barabara ni kazi ya miaka, na wako watu duniani wanaoipiga kama kazi ya maisha, lakini mlango wake uko chini, kila mtu anaupita bila ngazi.

Kisha kuna pumzi yenyewe. Mchana kutwa tunapumua bila kujua. Ukishika ala ya kupuliza unalazimika kujua: unavuta kwa utulivu, unatoa kidogokidogo kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, unachagua pa kukata. Hapa Pwani watoto wetu wana bahati, wengi wamekulia kwenye kaswida au kwenye kwaya. Wanajua kwamba huvuti pumzi katikati ya neno, unasubiri mwisho wa mshororo. Nikiwaambia "pumueni pale ambapo mngepumua mkiimba", wanaelewa mara moja. Na nimeona kwa macho yangu darasa lililoingia kutoka uwanjani likihema na kusukumana, likakaa, likapiga noti ndefu kwa dakika chache, na vurugu ikaisha bila mimi kupaza sauti.

Mtaala wetu wa umilisi umeiweka rekoda kuanzia Gredi ya 4, na noti za kwanza ni B, A na G. Kila unapoongeza kidole kimoja cha mkono wa kushoto unashuka noti moja: kidole cha shahada ni B, ongeza cha kati ni A, ongeza cha pete ni G. Gumba liko nyuma muda wote. Noti tatu ni chache ukizihesabu, lakini jaribuni kuimba zile nyimbo mlizochezea mkiwa watoto, za kushikana mikono na kuzunguka. Mtashangaa ni ngapi zinazunguka kwenye noti tatu au nne. Nimewapa watoto kazi ya kuzitafuta wenyewe, waulize mabibi zao, na wengine wameniletea nyimbo ambazo sikuwa nimezisikia tangu utotoni.

Sasa nije kwenu watu wazima, maana najua mnachosema moyoni: haya ni mambo ya watoto, sisi tumepitwa.

Mwaka 1668, jijini London, palikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Samuel Pepys. Hakuwa mwanamuziki wa kuajiriwa. Alikuwa ofisa wa utawala wa jeshi la majini, mtu wa hesabu na mikataba ya meli, umri wake miaka 35. Mwezi Februari alikwenda kutazama mchezo wa kuigiza, na malaika alipokuwa akishuka jukwaani ala za kupuliza zikalia. Aliandika katika shajara yake kwamba sauti ile iliiteka roho yake hata akahisi kama mgonjwa, hali aliyowahi kuijua zamani alipompenda mkewe. Jioni nzima hakuweza kufikiria jambo lingine. Akaazimia kujifunza muziki wa kupuliza, na kumfanya mkewe naye ajifunze. Mwezi Aprili akanunua rekoda, akaandika kwamba hakuna sauti duniani inayompendeza kuliko hiyo.

Nampenda bwana huyu kwa sababu ya lile azimio lake la pili. Sauti nzuri ilipomgusa hakutaka kuwa nayo peke yake. Wazo lililomjia papo hapo ni kwamba mtu wa nyumbani kwake naye apulize.

Katika karne hiyohiyo, huko Utrecht nchini Uholanzi, aliishi Jacob van Eyck. Alikuwa kipofu. Kazi yake ilikuwa kupiga na kusimamia kengele za makanisa ya mji, na watu walimjua kwa sikio lake kali. Jioni alikuwa akipiga rekoda kwenye uwanja wa kanisa, na watu waliotoka kupunga hewa walimsikiliza. Mwaka 1649 aliongezwa mshahara kwa sharti kwamba aendelee kuwaburudisha wapita njia kwa kifilimbi chake. Alikuwa anachukua wimbo uliojulikana na kila mtu, zaburi au wimbo wa mitaani, anaupiga ulivyo, halafu anaurudia akiupamba, kila marudio noti zinaongezeka. Tungo zake aliwatajia wengine wakaziandika, zikachapishwa, na mpaka leo wapiga rekoda ulimwenguni wanazipiga. Nawaambia habari zake kwa sababu katika shule hii tuna watoto wenye uoni hafifu, na wazazi wao wameniuliza kama somo hili litawafaa. Linawafaa sana. Matundu yanasomwa kwa ncha za vidole. Macho hayahitajiki kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wawili watatu waliniuliza kwa heshima, nami nalijibu kwa heshima. Waliuliza kwa nini watoto wa Kwale wafundishwe ala ya Wazungu.

Sisi Wadigo tuna chivoti. Kipande cha mwanzi, upande mmoja umezibwa, tundu la kupulizia na matundu sita ya vidole, kinashikwa kimekingama mdomoni. Mjomba wangu alikuwa nacho, alikichonga mwenyewe kwa kisu na chuma kilichotiwa motoni, na akikipiga barazani baada ya magharibi watu walishusha sauti. Wakikuyu wana muturiru, Waluo wana asili, Wakuria wana ibirongwe, Wateso wana auleru. Ukivuka mpaka, Waganda wana endere, Wanyarwanda na Warundi wana umwironge. Wala Wazungu hawawezi kudai kwamba filimbi ni yao peke yao, maana ni ya kale mno, ni ya watu wote: mwaka 2008 wachimbaji katika pango la Hohle Fels kusini mwa Ujerumani walifukua filimbi yenye matundu matano iliyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la tai mzoga, na umri wake ni zaidi ya miaka 35,000. Watu wale hawakuwa na chungu wala jembe, filimbi walikuwa nayo.

Ningependa kila mtoto hapa ajue chivoti. Lakini chivoti kinadai zaidi mwanzoni. Pumzi unaielekeza wewe mwenyewe kwenye mdomo wa tundu, na mtoto anaweza kupuliza wiki nzima akasikia upepo mtupu, akakata tamaa. Aliyeanza na rekoda ameshajua kuziba tundu lisivuje, ameshajua kuinua kidole kimoja vingine vikabaki, ulimi wake umeshajua kuanzisha noti, na pumzi yake imetulia. Akikabidhiwa chivoti anabakiwa na jambo moja tu la kujifunza, nalo ni midomo. Ndiyo maana naomba wazee wenye ujuzi huo waje muhula ujao. Nimeshawaona baadhi yenu hapa mmeketi, nami nitawafuata mmoja mmoja.

Na kwa anayedhani kwamba ala ndogo ya bei ndogo haifiki popote, nimsimulie ya Johannesburg. Miaka ya 1950, chini ya utawala wa ubaguzi, vijana wa Kiafrika walikuwa wakipiga muziki kwenye pembe za barabara kwa kifilimbi cha bati chenye matundu sita, kilichouzwa rahisi madukani. Muziki huo ulikuja kuitwa kwela. Kifilimbi kile kilitengenezwa ng'ambo kwa ajili ya nyimbo za huko, lakini vijana wale walikigeuza. Walikiinamisha pembeni mwa mdomo, wakakiingiza ndani zaidi kuliko ilivyokusudiwa, sauti ikawa nene, ikaweza kuteleza kutoka noti hadi noti kama sauti ya mwimbaji. Spokes Mashiyane alirekodi "Ace Blues" mwaka 1954 ikanunuliwa kwa wingi mno. Mwaka 1958 wimbo wa "Tom Hark" wa Elias Lerole na wenzake ulifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza. Watoto waliokuwa wakifukuzwa na polisi kwa kukusanya watu barabarani, sauti ya kifilimbi chao ikasikika kwenye redio za London. Kwela ikafika pia hadi Malawi, ikawa na mabingwa wake huko, akina Kachamba.

Tazameni walichokuwa nacho: bomba la bati, matundu sita, na mwenzao mwenye gitaa.

Rekoda yenyewe iliwahi kukaribia kupotea. Bach na Vivaldi, watunzi wakubwa wa Ulaya, waliiandikia muziki mzuri sana, lakini baadaye katika karne ya 18 okestra zilikua, kumbi zikawa kubwa, na filimbi ya kukingama yenye sauti ya nguvu zaidi ikachukua nafasi yake. Ikakaa kimya kwa zaidi ya karne moja, kwenye makabati ya makumbusho na ya wakusanyaji. Aliyeirudisha Uingereza alikuwa Arnold Dolmetsch, fundi wa ala za kale. Alikuwa na rekoda ya zamani ya karne ya 18 aliyoithamini mno. Mwaka 1919 mfuko uliokuwa na rekoda hiyo ulisahauliwa kwenye kituo cha reli cha Waterloo, London. Wakati ule hakuipata. Akaketi akatengeneza yake, na baada ya hapo akazitengeneza nyingine na nyingine. Miaka ya 1930 walimu wa huko wakaanza kuiingiza shuleni, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki ikaifanya iwe ya bei ambayo mtoto wa mfanyakazi anaweza kuimudu. Hii mliyonunua sokoni Ukunda ni mjukuu wa ile iliyopotea kituoni.

Kuhusu kununua, nina neno muhimu, na wale ambao hawajanunua walishike. Rekoda za madukani ni za mifumo miwili ya vidole. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu, linganisha la nne na la tano. Kama la tano ni dogo kuliko la nne, huo ni mfumo wa Kijerumani. Kama la nne ndilo dogo, huo ni mfumo wa baroko. Wa Kijerumani ulianzishwa miaka ya 1920 na Peter Harlan, akitaka noti ya F iwe rahisi kwa mwanafunzi. F ikawa rahisi kweli, lakini F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu hatua, ikaharibika, haikai kwenye sauti yake. Na F shapu mtoto ataihitaji mapema, kwa sababu nyimbo zilizojengwa juu ya G, ambazo ndizo anazoanza nazo, zinaidai. Nunueni ya baroko. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, hesabu matundu mbele yake. Aliyekwisha kununua ya Kijerumani asiitupe. B, A na G ni zilezile, na kwa mwaka huu itamfaa mtoto.

Usafi: plastiki inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, inasuuzwa, inaachwa ikauke. Msiazimane bila kuosha. Maji yanayojaa kwenye ule mwanya sauti ikawa ya kukwama, si mate kwa sehemu kubwa. Ni mvuke wa pumzi unaogeuka maji ukikutana na plastiki iliyo baridi. Ishike kichwa chake mkononi dakika moja kabla ya kupiga, ipate joto. Ikikwama katikati ya wimbo, funika kidirisha kwa kidole bila kuugusa ule ukingo, puliza mara moja kwa nguvu, endelea.

Mazoezi ya nyumbani yawe mafupi na ya kila siku. Dakika kumi za kila jioni zinamfikisha mtoto mbali kuliko saa mbili za Jumapili usiku. Noti ikitoka na upepo au ikakwaruza wakati pumzi ni ya kiasi, karibu kila mara kuna tundu linalovuja. Afinye kidogo halafu ainue kidole: akiona alama ya duara kamili kwenye nyama ya kidole, alikuwa ameziba, akiona nusu duara, kidole kilikuwa kimeteleza. Asitumie ncha kabisa ya kidole, atumie ile sehemu nene. Watoto wengi wanataka kuweka mkono wa kulia juu kwa sababu ndio wenye nguvu. Warudisheni mapema, kwa sababu baadaye, vidole vyote vikianza kazi, tabia hiyo inawafunga.

Wako wazazi wanaouliza kuhusu mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, nalipenda, na watoto watakaotaka kwenda nitawaandaa kwa moyo wote. Lakini sitaki rekoda iwe kitu cha kushika kwa ajili ya jaji na cheti, halafu kirudi juu ya kabati. Nimewaona watoto waliopiga vizuri sana jukwaani ambao mwaka uliofuata hawakuwa wanajua ziliko rekoda zao. Na waliobaki nayo, wale ambao leo wako sekondari na bado wanapiga, karibu wote nyumbani kwao kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anapiga nao: dada, binamu, baba. Hii ndiyo sababu ya ombi langu. Darasani nina watoto zaidi ya hamsini na kipindi kifupi. Ninaweza kumfundisha mtoto noti. Kumpa mtu wa kupiga naye jioni, hilo siliwezi mimi, mnaliweza nyinyi.

Na hamhitaji kujua mengi ili mfae. Jaribuni hivi. Mzazi ajifunze noti moja, G: gumba na vidole vitatu vya kushoto. Aipige ndefu, laini, akiisha pumzi avute, aendelee. Mtoto, juu ya G hiyo, apige wimbo wake wa noti tatu. Anapofika B, noti zenu mbili zinapatana. Anapopita A zinavutana kidogo, masikio yanasubiri. Anaposhuka G, sauti mbili zinakuwa moja, na kama mmepuliza kwa kiasi kimoja hamtajua ipi ni ya nani. Tofauti ndogo ikiwepo mtaisikia ikipigapiga hewani, na hapo mtaanza kusikilizana, mmoja apunguze, mwingine aongeze kidogo, mpaka kule kupigapiga kutulie. Mtoto wa miaka tisa atakuwa anamrekebisha mamake pumzi, na mama atakuwa anamsikiliza. Nimeliona hilo likitokea kwa mama na binti, mwisho wa muhula uliopita, chini ya ule mwembe, na hakuna aliyekuwa amewaambia wakae hapo. Walikuwa wamekuja kuchukua ripoti.

Baba anayerudi jioni amechoka, nisikize nawe. Najua unataka kimya. Lakini kelele za mtoto anayepiga peke yake, bila wa kumwambia apunguze, zitaendelea mwaka mzima. Ukishika ya kwako ukapiga naye, kwa wiki chache tu pumzi yake itakuwa imefuata ya kwako, na utakachokuwa unasikia nyumbani ni muziki. Pia utagundua kwamba kutoa pumzi polepole kwa dakika kumi, baada ya siku ya kazi, kunakurudisha mwilini mwako. Wapo wanaume wawili katika kikao hiki ambao tayari wamekuwa wakija kujifunza kwangu baada ya saa za shule. Sitawataja. Mmoja ameshafika mpaka C ya chini, ile ya kuziba matundu yote, ambayo inawashinda wengi kwa sababu kidole cha mwisho cha mkono wa kulia huwa hakifiki sawasawa.

Wanafunzi, na nyinyi mna kazi. Mzazi wako akianza, atakosea vilevile ulivyokosea wewe. Atapuliza kwa nguvu, tundu litavuja, ataweka mkono wa kulia juu. Usimcheke. Mwoneshe kiganja, mwambie "haaa". Mfundishe kwa adabu ile unayotumia ukimsomea barua bibi yako.

Darasa la wazazi litaanza Jumamosi hii saa nne asubuhi, katika chumba cha Gredi ya 4, mlango wa pili ukitokea ofisini. Hakuna malipo. Njooni na mtoto, akae kando yako, kwa sababu yeye ndiye atakayekushika vidole kwa mara ya kwanza. Mwenye rekoda aje nayo. Asiye nayo aje hivyohivyo. Shule ina kadhaa za ziada, zimeshaoshwa, na zote ni za mfumo wa baroko, nimezihesabu matundu mwenyewe. Sasa naomba wanafunzi wa Gredi ya 4 msimame. Rekoda mdomoni, mkono wa kushoto juu. Tunaanza na B, pumzi ya joto, na wazazi mtahesabu nasi: moja, mbili, tatu, nne.